Siku Ikongwe Ilipopata Anga Lake

Nilikuwa sijafika hata nusu ya mlima wakati Mlezi aliponiambia kwamba viatu vyangu vitaniumiza.

"Kisigino cha kushoto, Nanzia," alisema, kwa sauti ileile iliyonibembeleza nilipougua surua utotoni. "Utatoka lengelenge kabla hujafika kwenye bwawa la ndiva. Naweza kukuagizia vingine."

"Nimekusikia."

"Vitakukuta njiani."

"Nimesema nimekusikia!"

Akanyamaza bila kununa. Hilo ndilo lililokuwa likinichosha kwake. Ukimfokea mama yako atakususia chakula, ukimfokea jirani atakutangaza mtaa mzima. Mlezi ukimfokea anakuongezea sukari kwenye chai, kwa sababu amepima damu yako akaona sukari imeshuka kidogo, na kweli imeshuka.

Mgongoni nilibeba gunia la uzi. Mimi ni mpima mipaka. Cheka tu, hata shangazi zangu walicheka. Mpima mipaka katika dunia isiyo na mipaka ni sawa na fundi viatu katika mji wa nyoka. Mipaka yote ilifutwa kabla sijazaliwa, baada ya miaka ya kiangazi kikuu, wakati mataifa yalipozuiliana mito na watu wakafa kwenye mageti wakiwa na vyeti vyao mkononi. Ndipo likatengenezwa vumbi, laini kuliko unga wa muhogo, likapulizwa hewani dunia nzima, na ndani ya vumbi hilo akaishi Mlezi, akili moja isiyo na mwili. Alipewa maji ayagawe. Akayagawa vizuri. Akapewa chakula, kisha dawa. Bendera zikashushwa moja baada ya nyingine wala hakuna aliyelia sana. Bibi yangu alishona foronya kwa ya kwetu.

Tangu hapo hakuna aliyekufa kwa njaa. Namaanisha hakuna, si wachache. Mlezi alijua bomba linalovuja kabla halijalowesha ardhi, alijua mtoto mwenye malaria kabla mama hajamgusa paji la uso. Gharama yake ilikuwa anga. Vumbi lilitia anga rangi ya chai ya maziwa, asubuhi hadi jioni, na sisi tuliozaliwa baadaye tulidhani ndiyo rangi yake. Bluu tuliiona kwenye vitenge.

Wazee waliofuta mipaka waliacha ibara moja. Ilisema watu wowote watakaoomba mpaka, wakarudia ombi lao kwa misimu mitatu ya mvua bila kubadili nia, wapewe wajitawale. Na mpaka huo apime binadamu kwa miguu yake, si Mlezi. Kipande hicho cha mwisho kiliombwa na Mlezi mwenyewe. Alisema hawezi kuwa mshitakiwa na hakimu kwa siku moja.

Wengi waliomba. Msimu wa kwanza huwa ni hasira, wa pili ni ukaidi, wa tatu watu wamekwisha kusahau walichokuwa wakikitaka. Waliofika mvua ya tatu walikuwa watu wa kijiji kimoja tu, Ikongwe, juu kabisa kwenye milima ya Upare. Na Ikongwe ni kwetu.

* * *

Ndiva yetu ni bwawa la mawe na udongo mfinyanzi, limekaa kwenye bega la mlima juu ya mashamba yote. Chemchemi hulijaza usiku, asubuhi linafunguliwa, maji yanateremka mferejini shamba kwa shamba. Mababu walilijenga kwa msaragambo, pembe ikilia watu wote wanatoka na majembe. Mlezi alipokuja aliweka lango lake dogo la chuma linalojifungua lenyewe, kila shamba likapata kadiri ya kiu yake. Lakini watu wa Ikongwe hawakuacha kukutana pale. Kila wiki waliketi kwenye mawe wakagombania maji ambayo tayari yalikuwa yamegawiwa. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba kijiji chetu kina wazimu.

Nilipofika, nikichechemea kwa sababu ya lengelenge, walikuwa wamekwisha keti. Mwenyekiti wao, Senzota, mdogo wake marehemu baba yangu, alisimama akavua kofia.

"Umekuja na huo uzi?"

"Shikamoo, Baba mdogo. Nimekuja nao."

"Marahaba. Uko wapi? Mbona gunia lenyewe jepesi?"

Nikauonyesha. Si uzi wa cherehani. Ni jamii ya uyoga, umekuzwa gizani na kufundishwa jambo moja tu, kulichukia vumbi. Unalazwa ardhini na kufungwa mwisho kwa mwanzo, na hapo unalala kama mfu. Ukiamshwa unateremsha mizizi chini na kupeleka mtetemo juu, na vumbi lote lililo ndani ya duara linaishiwa nguvu, linaanguka. Baada ya hapo Mlezi haoni ndani, hasikii, wala hasemi. Ndivyo tulivyosoma. Hapakuwa na mtu aliyewahi kuuamsha.

Walipitishana kipande cha uzi mkono kwa mkono. Nilikuwa na swali moja ambalo nilitakiwa kuliuliza mbele ya wote kabla ya kuanza, na nililiuliza kwa ukali kidogo, maana jibu lake sikuwa nimelielewa kwa misimu mitatu.

"Mwaka ule mlimwomba Mlezi awaachie lango kwa wiki moja mgawe wenyewe. Mlimchagua mama yangu agawe. Akakosea. Tangawizi ya mama huyu, Naetwe, ikakauka shamba zima. Sasa nielezeni, mlishindwa wiki moja, halafu mkaomba maisha yote?"

Wakamtazama Naetwe. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kufukuzia nyani.

"Ikakauka, ndiyo," akasema. "Nikaenda kwa mama yako nikamtukana mpaka sauti ikaniisha. Nanzia, nina wajukuu mimi, lakini ile ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kumtukana mtu aliyestahili. Mlezi nimtukane kwa lipi? Hakosei!"

"Kisha?"

"Kisha kesho yake akaja na kikapu cha kunde, analia. Nami nikalia. Tukapika makande tukala. Alipogawa tena, kabla wiki haijaisha, alikuja kwanza shambani kwangu akachimba kidole kwenye udongo aone umelowa vipi. Hajawahi mtu kuniogopa hivyo na kunipenda hivyo kwa pamoja." Akajifuta uso kwa khanga. "Wewe umesoma, utatuambia jina la jambo hilo. Sisi tunalitaka tu."

Nikakikusanya kile kipande cha uzi, nikakirudisha guniani.

* * *

Pembe ikalia, tukaanza kuulaza uzi.

Nimepima mashamba, barabara, hata makaburi, lakini sikuwa nimewahi kuona kazi ya namna ile. Sheria ilinitaka kumsikiliza kila anayeishi ukingoni. Kwa hiyo kila tulipofika kwenye shamba la mwisho, mwenyewe alitoka, akatembea mpaka mahali fulani, akasimama, akasema, "Ni hapa." Wengine walisema kwa aibu, kama wanaoposa. Kijana mmoja alisimama, akabadili mawazo, akarudi nyuma hatua chache ili mti wa mbega ubaki nje, kwa kuwa mbega hawakuulizwa. Mjane mmoja alipiga magoti akalaza uzi mwenyewe akiutandika kwa viganja vyote viwili. Kila mmoja alipotamka maneno yale, nchi iliongezeka kwa kipande. Niliona inakua mbele ya macho yangu kutoka vinywani mwa watu, nami nikawa natembea nyuma yao na pini zangu za kupimia, kimya, kama mtu aliyeingia kanisani katikati ya sala.

Kule chini, upande wa kaskazini, ukungu ulikuwa umeanza kupanda. Ng'ambo yake ulipita zamani mpaka mmoja mashuhuri, ulionyooka kama umechapwa kwa rula kutoka ziwani hadi pwani, ila ukapinda mara moja kuuzunguka Kilimanjaro. Tulifundishwa chuoni. Waliouchora walikuwa wameketi mezani Ulaya, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekwenda kusimama shambani kwa mtu kumuuliza, ni hapa?

Mchana ulipopinda tulifika nyumba ya mwisho kabisa, chini ya kijiji, inayopakana na msitu. Ni nyumba ya mama yangu. Mlango ulikuwa wazi, kuku wako uani, mwenyewe hayupo. Alikuwa amevuka korongo kwenda kuchuma kisamvu kwa dada yake.

"Nanzia," akasema Mlezi, "hapa inabidi nikuambie jambo."

"Nalijua."

"Unalijua, ila nina wajibu wa kulitamka."

Moyo wa mama ulichoka mwaka alipozikwa baba. Waliweka pampu ndogo ndani ya kifua chake, na pampu hiyo huendeshwa na vumbi. Akipanda mlima, Mlezi anaikaza. Akilala, anailegeza. Inaweza kuendeshwa kwa mkono pia. Kuna kifaa kidogo mfano wa kiberiti chenye gurudumu la kuzungusha, huwekwa kifuani juu ya ngozi. Lakini ni lazima awepo mtu wa kushika mshipa na kulizungusha, mchana na usiku, kila anapobadili mwendo.

"Uzi ukipita chini ya nyumba," Mlezi akasema, "atakuwa ndani. Sitausikia moyo wake."

"Ataishi muda gani?"

"Sijui."

Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kumsikia akisema neno hilo. Alilisema polepole. Nikaogopa kuliko vile ambavyo ningeogopa kama angenitajia siku.

Basi nikaupinda. Sikujificha. Niliutoa uzi kwenye ukingo wa msitu, nikaupandisha, nikauzungusha upande wa juu wa nyumba, kati ya ua wa mama na shamba la Naetwe, mchana kweupe, watu wote wakitazama. Nyumba ya mama ikabaki nje, upande wa Mlezi. Senzota akakohoa.

"Pindisha, mwanangu," akasema. "Shemeji yangu huyo, sisi sote tunamhitaji. Nani atakulaumu?"

Wote wakakubali kwa vichwa. Naetwe peke yake aliangalia pembeni.

* * *

Mama alitokea korongoni na kikapu kichwani akiwa anaimba. Akauona uzi. Akakishusha kikapu.

"Nani kapitisha kamba hapa?"

Watu wazima waliokuwa wameanzisha nchi tangu asubuhi wakaanza kukagua kucha zao.

"Ni mimi, Mama."

"Na ninyi mlikuwepo? Senzota, ulikuwepo?"

"Shemeji, ni kwa ajili ya afya yako..."

"Nimekuuliza afya? Ndivani kwetu maji ya mtu hayakatwi akiwa hayupo. Au mmeibadilisha leo? Hata yule aliyeitwa mchawi, mwaka wa nzige, kabla ya Mlezi, wazee walimngoja mpaka akarudi kutoka mjini Same ndipo wakamkatia! Leo mmenikatia nchi nikiwa kwenye kisamvu!"

"Mama, pampu yako..."

"Pampu ni yangu!" Akajigonga kifuani. "Wewe mtoto, Mlezi amekuwa akinitazama moyo kwa huruma miaka hii yote, sasa na wewe, na hawa nao. Niulizeni! Mnaona uchungu kuniuliza kwa sababu mnajua nitakavyojibu. Anayeachwa nje kwa huruma na anayefukuzwa, wote wawili wanalala nje."

Alikwenda moja kwa moja kwenye uzi, akaung'oa, akaanza kuuvuta kuteremka. Nikaushika upande wa pili. Sioni fahari kusema kwamba mimi na mama yangu mzazi tulivutana kamba mbele ya kijiji kizima. Alikuwa na nguvu za hasira, mimi nilikuwa na nguvu za woga, tukavutana huku kuku wakikimbia.

"Mapigo yamepanda sana," Mlezi akasema sikioni mwangu. "Mwambie aketi."

"Mama, keti, anasema..."

"Namsikia, si yuko masikioni mwangu pia! Nami namwambia asubiri, naongea na mwanangu!" Akasimama akihema. Jasho lilikuwa likimtiririka. Kisha sauti yake ikashuka, nami hapo ndipo nilipoumia. "Nanzia. Nilipokausha tangawizi ya watu nilikuwa mzee tayari. Kabla ya hapo sijawahi kuharibu kitu cha mtu, wala kutengeneza kitu cha mtu. Nilikuwa kama kuku hawa, nalishwa. Unanipenda, najua. Basi niulize."

Nikamuuliza kama nilivyowauliza wengine wote.

"Ni wapi, Mama?"

Akateremka uani, akapita jiko, akapita banda, mpaka ukingoni kabisa ambako nyasi zinagusana na msitu. Akasogea hatua moja zaidi ya shamba lake, kwa ukaidi tu.

"Ni hapa," akasema.

Nikauachia uzi.

* * *

Fundo la mwisho hufungwa kwa nje, kwa sababu anayetoa ruhusa ya kuuamsha uzi ni Mlezi mwenyewe, na ruhusa hupitia kwa mpima. Nikasimama msituni, hatua moja nje ya uzi, chini ya nyumba ya mama. Wao wote walikuwa uani kwake, wamebanana kama watu wanaopigwa picha.

"Uko tayari?" nikamuuliza Mlezi.

"Naomba kuuliza kwanza, na si kwa ajili ya kumbukumbu. Watakufa wengine ambao mimi ningewaokoa. Watagombana. Watagawa vibaya. Wanalijua hilo, nimewaeleza kila mmoja kwa lugha yake. Kwa nini, Nanzia?"

Nilifikiri kuhusu jibu la chuoni, habari za haki ya watu na mamlaka yao. Nikamwangalia Naetwe, aliyekuwa ameshika kikapu cha kisamvu cha mama asije akakibeba tena.

"Wanataka kuwa na wa kuulizana," nikasema. "Sijui kama inatosha."

"Hata mimi sijui," akasema Mlezi. "Ruhusa imetolewa. Waambie..." Akasita. "Hapana. Wataambiana."

Nikafunga fundo.

Mwanzoni sikuona kitu. Kisha majani yakaanza kumeta. Vumbi lilikuwa likianguka, kimya, kutoka juu kusikoonekana mwisho, likipata mwanga wa jua kila punje, na mlima mzima ukawa ndani ya mvua ya dhahabu isiyolowesha. Lilianguka kwenye mabati, kwenye migomba, kwenye nywele za watu, kwenye mgongo wa mbuzi wa Senzota aliyekuwa akila bila habari. Uzi miguuni pangu ulikuwa ukitetemeka kama waya wa gitaa. Nilisikia mtu akisema "Mungu wangu, Mungu wangu," na ilikuwa ni sauti yangu.

Halafu juu kukafunguka.

Ile chai ya maziwa iliyokuwa imetufunika maisha yetu yote ilipasuka juu ya Ikongwe, na nyuma yake kulikuwa na bluu, bluu yenye kina, isiyo na mwisho, inayoita. Vivuli vikawa na makali. Kila jani la mgomba likawa na ukingo wake. Watu waliangua kilio. Wengine walilala chali ardhini kama watoto, mzee Senzota miongoni mwao, kofia kifuani. Mama alisimama tu na mdomo wazi na vumbi la dhahabu kwenye kope.

Na kule juu niliuona mstari. Bluu iliishia mahali uzi ulipoishia, sawasawa, kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi. Kila palipotamkwa "ni hapa" pakaonekana mbinguni. Niliitambua kona ya yule mjane. Nilikitambua kibonyeo cha mti wa mbega. Na upande wa chini kabisa, karibu na kichwa changu, bluu ilikuwa imetokeza tumbo dogo lisilo na sababu yoyote ya kitaalamu, mahali ambapo mwanamke mmoja alivuta kamba kwa hasira. Watu wa tambarare, mpaka mto Ruvu wa chini ya Upare, walikuwa wanaliona wakati huohuo. Nikakaa chini.

* * *

Nchi mpya hukaa kimya kwa muda mfupi sana. Nilipojifuta machozi walikuwa wamekwisha kuanza kugombana.

Mkutano wa kwanza ulifanyika palepale uani, kwa kuwa mama alikuwa ameketi ghafla juu ya kinu, uso umebadilika rangi. Ndani ya duara hakukuwa tena na wa kumkazia pampu. Senzota alikuwa amekishika kile kifaa cha gurudumu, mfano wa kiberiti, kilichotolewa ndani, kama mtu aliyepewa nyoka.

"Basi jambo la kwanza ni hili," akasema, akipaza sauti. "Ama tumteremshe hospitali ya tambarare leo, nje, akakae chini ya Mlezi. Ama abaki, tushike zamu, mtu na mtu, usiku na mchana. Yasemwe yote kisha tunyoshe mikono."

"Ateremke!" nikapiga kelele kutoka msituni. "Baba mdogo, ateremke! Mimi nitampeleka!"

Hakuna aliyegeuka. Nikanyosha mkono juu kabisa.

"Hesabuni na wangu!"

Naetwe akasogea mpaka kwenye uzi. Alisimama upande wake, mimi upande wangu, tungeweza kushikana mikono. Dhahabu ilikuwa bado inamwangukia begani.

"Nanzia, mwanangu," akasema kwa upole, "wewe uko nje."

"Ni mama yangu!"

"Ni mama yako. Lakini ukipiga kura hapa kisha ukarudi zako kwa Mlezi, sisi tukabaki na tuliyoyaamua pamoja na usingizi tutakaokosa, itakuwaje hiyo?" Hakuwa na hasira hata kidogo. "Yeyote akiweza kunyosha mkono kutoka kokote kule, sisi tutakuwa tumefunga uzi wa nini?"

Nikashusha mkono. Sijawahi kuchukia mtu kama nilivyomchukia Naetwe dakika ile.

"Unaweza kubaki," Mlezi akaniambia sikioni. "Sitasema lolote la kukuvuta. Lengelenge lako limepasuka, hilo tu."

Nilicheka, nikilia. Nikavua viatu. Nikavuka.

Wamewahi kuniuliza kulikuwaje. Kulikuwa kimya. Tangu tumboni nilikuwa sijawahi kuwa peke yangu ndani ya kichwa changu, na sasa nilisikia damu yangu mwenyewe ikipita masikioni, nikasikia maji mferejini, nikasikia kuku mmoja mbali. Niliyumba. Naetwe akanishika kiwiko. Juu yangu bluu ile ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba nilitamani kuinama.

"Wanaotaka ateremke," akasema Senzota.

Nikanyosha mkono. Nikauona wa Senzota, na wa yule mjane, na mingine michache huku na kule.

"Wanaotaka abaki."

Ikapanda mikono mingi, ya vijana, ya wazee, na wa Naetwe ukiwa mbele kabisa. Mama naye akanyosha wake kutoka juu ya kinu, akinitazama machoni.

Nikashindwa. Hakuna aliyeshangilia. Walikuwa wameogopa, niliona wazi, wote wakilitazama lile gurudumu mkononi mwa Senzota na kufahamu kwamba sasa ni lao.

"Zamu ya kwanza?" akauliza.

"Nipe," nikasema.

Nikapiga magoti mbele ya mama. Nikaweka kiberiti kifuani pake, nikashika mshipa wa mkono wake kwa vidole viwili. Ulikuwa unakwenda kama mtu anayejikwaa. Nikazungusha gurudumu kidogo, na mama akashtuka, akashika shingo.

"Taratibu! Unataka kuniua?"

"Samahani, Mama."

"Geuza upande wa pili," akasema.